Barua kwa Mhariri: Mmeisahau njia ya kando

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita, kwenye ukurasa wa safari, mmetupatia makala kuhusu siku nzima ya kutembea kwa mashua nyembamba katika mifereji ya Uingereza. Mwandishi wenu ameieleza vizuri: maji yaliyotulia, mabata, vyungu vya maua juu ya paa la mashua, chai inayonywewa huku mtu ameshika usukani. Kisha amemalizia kwa kicheko, akisema kwamba hiyo ni starehe ya watu wasio na kazi, maana nani mwingine atalipa pesa ili achelewe? Makala hiyo nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa maisha yangu ya kazi yameishia katika mashini za maboti ya ziwa Kivu, na kwa kuwa mfereji mmoja wa huko nimeupita mwenyewe nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu, naomba nafasi kidogo katika gazeti lenu. Sina nia ya kumshambulia mwandishi. Nasema tu kwamba ametazama mashua, ametazama maji, akaacha kutazama kitu cha tatu ambacho kilikuwa kando yake tangu asubuhi hadi jioni, nacho ni ile njia ya miguu inayofuata ukingo wa mfereji.

Lakini kwanza niseme juu ya mwendo wa polepole, kwa kuwa ndio uliomchekesha. Katika sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza hairuhusiwi kwenda zaidi ya maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na nusu hivi, na kila mara unapopita mashua zilizofungwa ukingoni unapaswa kupunguza hata zaidi, hadi elisi, yaani panga la nyuma linaloisukuma mashua, iwe inazunguka kwa kujikokota tu. Sababu yake ni maji yenyewe. Mfereji hauna kina: mashua inazama kama sentimita 60, na chini ya tumbo lake kuna maji machache kabla ya kufika kwenye tope. Anayeongeza mazutu, yaani dizeli, humo hapati mwendo. Elisi inanyonya maji yaliyo chini ya mashua, sehemu ya nyuma inakaa chini, wimbi linainuka na kwenda kula udongo wa ukingo, na mashini inanguruma bure huku miti ya kando ikipita kwa mwendo uleule wa mwanzo. Fundi yeyote wa Bukavu aliyewahi kuingiza boti kubwa katika maji mafupi karibu na ufuko analijua jambo hilo bila kufundishwa shuleni. Kwa hiyo mtu wa mfereji hachagui kuchelewa. Anatii kina cha maji, na starehe anaipata baadaye, akishazoea kutii.

Mashua zenyewe ni za chuma, zenye sakafu bapa, upana wake ni mita 2 na kidogo tu, na urefu wake unaweza kufika mita 22. Umbo hilo la ajabu lilitokana na vipimo vya ekluze, yaani vile vyumba vya kupandishia na kushushia mashua, ambavyo katika mifereji mingi ya katikati ya Uingereza vilijengwa vyembamba katika karne ya 18 ili kupunguza gharama na kutunza maji. Msukani anasimama nyuma kabisa, ameshika mkono wa chuma. Akiusukuma kushoto, pua ya mashua inakwenda kulia, na inakwenda kwa kuchelewa, mtu akiwa ameanza kufikiri kwamba haikusikia. Mpwa wangu alikuwa amekodi mashua fupi ya siku moja, ambayo haidai leseni yoyote ya udereva. Kijana wa pale alitufundisha kwa muda mfupi, akaruka ukingoni, akatupungia mkono. Mimi niliyezoea kuona nahodha wa Kivu akitazama milima ya kisiwa cha Idjwi ili ajue njia, nilijikuta nahesabu matawi ya miti yaliyotaka kunitoa kofia.

Tulianzia kwenye daraja la maji la Dundas, karibu na mji wa Bath, katika mfereji wa Kennet and Avon, uliokamilika mwaka 1810 ili mashua ziweze kutoka mto Thames hadi Bristol. Wasomaji waelewe: daraja la maji ni daraja ambalo juu yake unapita mfereji wenyewe, pamoja na maji yake na mashua zake, na chini yake unapita mto Avon. Mhandisi John Rennie alilimaliza mwaka 1805, nalo likapewa jina la Charles Dundas, mwenyekiti wa kwanza wa kampuni ya mfereji. Rennie alipendelea matofali, kwa kuwa hakuyaamini mawe ya machimbo ya pale, lakini wakubwa wa kampuni walitaka mawe, na mawe ndiyo yaliyojengewa. Nilifurahi kusikia kwamba hata huko mwenye pesa humshinda fundi. Chini ya tao moja la daraja hilo inapita reli, na tulipokuwa bado tunahangaika kunyoosha pua ya mashua yetu, treni ikapita chini ya miguu yetu ikaishia bondeni. Nitarudi kwenye reli hiyo, kwa sababu nusura iuue mfereji.

Siwezi kuondoka Dundas bila kutaja pampu ya Claverton iliyo upande wa Bath, hata kama mhariri atataka kuikata aya hii. Mfereji unaokaa juu ya bonde hupoteza maji kila siku, na maji ya kuujaza yako chini, mtoni. Basi mwaka 1813 waliweka gurudumu kubwa ambalo linazungushwa na mto, na nguvu hiyo ya mto inapandisha sehemu ya maji ya mto huohuo zaidi ya mita 14 hadi mferejini, bila kuni, bila makaa, bila tone la mazutu. Ilifanya kazi hadi mwaka 1952, ikaharibika, ikaachwa, halafu watu wa kujitolea wakaifufua. Ningekubali kupoteza siku nyingine nzima kwa kulitazama gurudumu hilo tu.

Njiani kuelekea Avoncliff, mashua ilianza kutetemeka na usukani ukawa mzito mkononi. Wenzangu walitaka kupiga simu. Mimi nilijua, kwa sababu elisi iliyofungwa na uchafu ina lugha moja duniani kote. Tulifunga kamba ukingoni, tukazima mashini, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho natamani kila mwenye boti wa Kivu akione: juu kabisa ya elisi, ndani ya mashua, kuna mfuniko wa chuma uliobanwa kwa visi. Unaufungua, unalala kwa tumbo, unaingiza mkono hadi begani katika maji baridi, unapapasa, unakata, unatoa. Nilitoa kipande cha kamba ya nailoni, mifuko ya plastiki, na nguo ambayo zamani ilikuwa suruali. Kisha unaufunga mfuniko kwa nguvu na kuukagua tena, maana ukiuacha umelegea elisi itarusha maji ndani na mashua inaweza kuzama. Kwa hiyo Waingereza nao wanatupa takataka majini, na mwandishi wenu asitupambie. Tofauti ni kwamba wamejenga mashua zao wakilikubali tatizo hilo, ilhali sisi tunaiacha plastiki ya Bukavu iteremke na mvua hadi ziwani, ielee mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, kisha tunashangaa umeme unapokatika.

Baada ya Avoncliff, ambako kuna daraja la pili la maji lenye tao la katikati lililobonyea tangu zamani na ambalo bado linabeba maji bila malalamiko, tulifika Bradford-on-Avon. Kutoka Bath hadi hapo, kilomita 14 hivi, hakuna ekluze. Ya kwanza iko Bradford, na mkataba wetu haukuturuhusu kuipita. Tulifunga mashua tukaenda kutazama kwa miguu, na muda si mrefu tukajikuta tumo kazini.

Mashua mbili za wageni wasiojuana ziliingia bega kwa bega katika chumba cha mawe, milango ya nyuma ikafungwa. Mwanamke mmoja mwenye umri kama wangu alichomoa manivela, yaani mkono wa chuma wa kuzungushia, kiunoni, akaitia katika meno ya chuma yaliyo kando ya mlango wa juu, akaanza kuzungusha, na kila jino lilipopita kizuizi kilianguka kwa mlio mkavu. Chini kabisa kizibo kikainuka, maji yakaanza kufurika ndani ya chumba. Alizungusha nusu, akangoja, akitazama kamba za mashua ya mbele, kwa sababu maji yakiachwa yaingie yote kwa mara moja yanaitupa mashua huku na huku. Mimi nilipewa boriti. Kila mlango una boriti ya mbao nene iliyotokeza nje, na kazi yako ni kuigeuzia mgongo, kukanyaga matofali yaliyoinuliwa ardhini ili miguu isiteleze, na kusukuma. Nilisukuma. Hakuna kilichosogea. Mzee mmoja wa kujitolea, aliyevaa jaketi la kuokolea, akaniashiria kwa mkono nitulie. Kabla maji hayajalingana ndani na nje, hata wanaume kumi hawausogezi mlango ule, kwa kuwa uzito wa maji wenyewe ndio unaoufunga. Yakishalingana, mtoto wa shule ya msingi anausogeza kwa mgongo wake. Na kweli, ghafla niliisikia boriti ikilegea nyuma yangu, nikaanza kutembea kinyumenyume hatua kwa hatua, na mlango wa tani kadhaa ukanifuata.

Kila mara ekluze pana kama ile inapotumika, zaidi ya lita 200,000 za maji zinashuka kutoka juu kwenda chini na hazirudi bila pampu. Ndiyo maana mashua iliyofika peke yake inangoja nyingine itokee ili ziingie pamoja, na anayengoja hanung'uniki. Mimi nilipokuwa nangoja nilifanya hesabu ya kijinga. Kule Devizes, mbele katika mfereji huohuo, ekluze 29 zinapandisha mashua mita 72. Ziwa Kivu na ziwa Tanganyika zimeachana kwa karibu mita 690 za kimo, basi atakayetaka kupeleka mashua kutoka Bukavu hadi Uvira kwa mto Ruzizi ajiandae kujenga ekluze zisizopungua 270. Namwachia kazi hiyo mbunge atakayeihitaji kwa ahadi za uchaguzi.

Sasa niifikie njia. Mifereji hiyo ilipochimbwa mashua hazikuwa na mashini. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kwa kazi ya mhandisi James Brindley, ulichimbwa ili makaa ya mawe yatoke Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa nusu hivi. Farasi mmoja juu ya barabara mbovu za wakati ule alivuta mzigo mdogo. Farasi yuleyule akitembea ukingoni na kamba ndefu nyuma yake aliweza kuvuta mashua yenye tani 25 na zaidi. Lakini farasi hawezi kutembea juu ya maji. Kwa hiyo kila mfereji ulihitaji ukanda wa ardhi kando yake, usiokatizwa na nyumba, ukuta, shamba wala mti, kwa sababu kamba ingenasa. Chini ya madaraja ya zamani bado unaweza kutia vidole katika mikato ambayo kamba hizo zilizolowa maji na mchanga ziliichimba ndani ya chuma na mawe, zikisugua palepale kwa zaidi ya miaka mia. Farasi wameondoka. Ukanda umebaki.

Siku ile nilihesabu watu wa njiani wengi kuliko nilivyohesabu mashua, na nikaacha kuhesabu. Bibi kizee mwenye mkongojo alitupita bila kujitahidi. Kulikuwa na watoto wenye baiskeli, kijana akimsukuma baba yake katika kiti cha magurudumu, wakimbiaji, mbwa, wavuvi wenye fimbo ndefu waliozivuta kwa uvivu mashua zilipokaribia. Kwa kupita hapo hakuna aliyelipa hata senti. Anayelipa ni mwenye mashua, ambaye leseni yake ya mwaka inasaidia kutengeneza ekluze. Na kando ya njia kulikuwa na mashua za watu wanaoishi humo kabisa, zenye kuni na baiskeli juu ya paa na moshi ukitoka katika bomba dogo. Wengi wao hawana mahali pa kudumu pa kufunga, na sheria ya mwaka 1995 inawataka wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Wapo wanaoishi hivyo kwa kupenda, na wapo wanaoishi hivyo kwa sababu nyumba za mji wa Bath zimewashinda bei. Mwandishi wenu, aliyeandika juu ya watu wasio na kazi, angemkuta mmoja wao akirudi kutoka kazini kwa miguu, kwa njia ileile, akiwa amebeba mtungi wa gesi begani.

Nilisema nitarudi kwenye reli. Mwaka 1852 kampuni ya reli iliununua mfereji huu, na tangu hapo haikuwa na sababu ya kuutunza, kwa kuwa mizigo yote iliitaka ipande treni. Mfereji ulizeeka, ekluze zikaoza, na katikati ya karne iliyopita sehemu nyingi zikafungwa. Sehemu ile ya mfereji tuliyopita kati ya Avoncliff na Dundas, ambako ardhi inateleza na maji yanavuja, ilikauka kabisa kwa miaka mingi, mpaka walipomwaga beto, yaani zege, sakafuni. Serikali, ambayo ilikuwa imechukua mifereji ya nchi mwaka 1948, ilifikiria kuachana nao moja kwa moja. Walioukataa uamuzi huo hawakuwa wenye mashua pekee, na wangewezaje, maana mashua hazikuweza tena kupita? Walikuwa watu wa pembeni: wenyeji, wavuvi, wapenda historia, watu waliokuwa wanatembea Jumapili kando ya mtaro wenye matope na kusema kwamba ni wao. Walipeleka ombi kwa Malkia mwaka 1956, wakaunda chama, wakaingia kwenye tope na makoleo, na kazi hiyo ikawachukua miongo, hadi Malkia Elizabeth wa Pili alipoufungua tena mfereji mwaka 1990. Tangu mwaka 2012 mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko mikononi mwa shirika la hisani, Canal & River Trust, lenye njia za maji za kilomita 3,200 hivi, na wale wazee wa kujitolea niliowakuta Bradford ni sehemu ya mpango huo.

Mimi sioni namna watu wangeutetea mtaro uliokauka kama wasingeweza kuufikia. Ukanda wa farasi ndio uliowapa macho ya kuona kilichokuwa kinaharibika na miguu ya kwenda kukitengeneza. Kama kingo zile zingekuwa zimegawanywa na kuzungushiwa kuta, mwaka 1950 mfereji ungekufa nyuma ya kuta hizo na hakuna ambaye angejua.

Ndiyo sababu nimekuandikia, Bwana Mhariri, kutoka mji ulioketi juu ya peninsula tano na ambao watu wake hawawezi tena kugusa maji yake. Nilipokuwa kijana tulitoka Nguba tukaenda mbali kando ya ziwa kwa miguu, tukiruka juu ya mawe, tukiwaona akina mama wakifua na wavuvi wa sambaza wakianika nyavu zao. Leo jaribuni. Kila baada ya hatua chache kuna ukuta wa matofali unaoingia hadi ndani ya maji, na juu yake vipande vya chupa. Ukiuzunguka unafika kwenye mlango wa chuma na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Sheria inakataza kujenga karibu kabisa na maji, na wakubwa wenyewe hutukumbusha katika redio, kisha tunapita siku ya pili tunakuta simenti mbichi. Simtaji mtu. Kila mmoja wetu anaweza kutaja ukuta mmoja na mwenyewe, na wengine wetu, tuseme ukweli, tungejenga wetu kama tungepata parseli pale.

Najua yatakayosemwa, kwamba katika nyakati tulizo nazo, ambapo watu wamepanda maboti kwa kukimbia, na ambapo Oktoba 2024 tulizika watu waliozama wakiwa wanaona bandari ya Kituku, kule Goma, mbele yao, mzee mmoja anawezaje kuzungumzia matembezi? Najibu kwamba boti ile ilizama karibu na ufuko, mchana kweupe, na kazi ya kuokoa ilianza na wale waliokuwa majini na ukingoni. Ukingo uliofungwa kwa kuta hauokoi mtu. Aliyezama mbele ya ukuta wa mita tatu hana pa kushika. Kwa upande wangu hiyo inatosha, hata kabla hatujafika kwenye habari ya kupumzika, na hiyo nayo siioni kuwa dhambi: mtu anayekaa Kadutu katika chumba kimoja na watoto sita ana haki ya kukaa saa moja kando ya maji, kuliko hata mtalii aliyelipa.

Sipendekezi mifereji. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 480 mahali fulani, lina upepo na mawimbi yake, na mashua nyembamba ya Uingereza isingemaliza safari ya kwenda Goma usiku mmoja wa Septemba. Ninaloomba ni dogo na liko ndani ya uwezo wa gazeti. Tumeni mwandishi wenu, yuleyule mwenye kalamu nzuri, atembee kwa miguu ukingo wote wa Bukavu, kuanzia pale Ruzizi inapotoka ziwani, peninsula moja baada ya nyingine, na aandike kila mahali alipoweza kugusa maji bila kuomba ruhusa. Achore ramani yake, hata ya mkono, na ninyi muichape. Kisha apeleke ramani hiyo katika ofisi ya ardhi na katika komini ya Ibanda, aulize ni vipande vipi kati ya hivyo bado ni vya umma kwa karatasi, na vipi vimekwisha kuuzwa vikiwa bado wazi kwa macho. Mimi miguu yangu si ya kijana tena, lakini sehemu ya Nguba nitatembea naye, na nitamwonyesha mahali pawili ambapo ngazi za mawe za zamani bado zinashuka hadi majini nyuma ya vichaka.

Kuna na marekebisho madogo kuhusu picha. Ile mliyoichapa juu ya makala, inayoonyesha kilima chenye safu ndefu ya milango myeupe na myeusi na upande mmoja vidimbwi vikubwa vyenye umbo la sanduku, mmeiandikia maelezo kwamba ni mabwawa ya kufugia samaki. Hapo ni Caen Hill, kule Devizes, ambako ekluze 16 zimepangwa mfululizo katika mstari mmoja ulionyooka. Na vidimbwi hivyo ni akiba ya maji, kwa sababu kilima ni kikali kiasi kwamba kati ya ekluze moja na nyingine hakukuwa na nafasi ya mfereji wa kutosha kushika maji ya kuijaza inayofuata. Ukiitazama picha vizuri utaiona njia upande wa pili, na watu wawili wakiipanda na mbwa.

Wako katika kazi,

Msomaji wenu wa Nguba, Bukavu, fundi mstaafu wa mashini za maboti